Mbunge ni Wako, Kiti ni cha Chama

Kila mwaka kati ya Aprili na Juni, Bunge likiwa Dodoma kwa ajili ya bajeti, Kigoma huzuka ubishi uleule. Mwaloni Kibirizi, kwenye vijiwe vya kahawa Ujiji, ndani ya bajaji za kwenda Gungu, kuna mtu ameona kipande cha video: mbunge anafoka kuhusu barabara mbovu, umeme wa kukatikakatika, zahanati isiyo na dawa. Watu wanatikisa vichwa, wanasema leo kasema kweli. Halafu kengele inalia, dakika zimeisha, na mbunge huyohuyo anamalizia: "Mheshimiwa Spika, baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja."

Hapo ndipo watu wanapochoka. Bajeti umeichana mwanzo mwisho, sasa unaiunga mkono kwa lipi?

Majibu ya kijiweni huwa mawili: kanunuliwa, au mwoga. Wapo wa aina hiyo, sibishi. Ila hata ukimpeleka Dodoma mtu mkweli asiyeogopa mtu, kuna uwezekano mkubwa utamsikia akisema maneno hayohayo, kwa sababu ambazo zimeandikwa kabisa. Ziko kwenye Katiba ya 1977, kwenye sheria za uchaguzi na za vyama, na kwenye Kanuni za Kudumu za Bunge.

Tuwekane sawa kwanza kwenye maneno. Jimbo ni eneo linalochagua mbunge mmoja. Hoja ni jambo lolote linaloletwa mbele ya Bunge ili liamuliwe. Muswada ni pendekezo la sheria ambalo bado halijapita. Kanuni za Kudumu ni utaratibu ambao Bunge limejiwekea lenyewe: nani aseme, aseme kwa muda gani, kura ipigwe vipi. Na Bunge lenyewe, kwa mujibu wa Ibara ya 62 ya Katiba, lina sehemu mbili: Rais na Wabunge. Hiyo sehemu ya kwanza wengi huisahau. Rais hakai kwenye vile viti, lakini bila saini yake muswada unabaki kuwa karatasi.

Si kila mbunge ameingia kwa kura ya jimbo. Mtu wa kutufundishia hapa ni wa Kigoma. Mwishoni mwa 2015 Dk. Philip Mpango hakuwa amegombea popote, lakini aliingia bungeni na kuwa Waziri wa Fedha, kwa sababu Katiba inampa Rais nafasi ya kuteua wabunge wasiozidi kumi, na mawaziri lazima watoke miongoni mwa wabunge. Mwaka 2020 akagombea Buhigwe, akawa mbunge wa jimbo. Machi 2021 akawa Makamu wa Rais, na kwa kuwa Makamu wa Rais hawezi kuwa mbunge, kiti cha Buhigwe kikabaki wazi. Mei 16, 2021 Buhigwe wakarudi kwenye foleni ya kura, siku moja na wenzao wa Muhambwe ambao mbunge wao alikuwa amefariki. Mtu mmoja, chini ya miaka sita, alikuwa mbunge bila jimbo, mbunge mwenye jimbo, na kiongozi asiye mbunge tena.

Makundi mengine ni wabunge watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kutoka miongoni mwao, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anayeingia kwa cheo chake, na wanawake wa viti maalumu ambao hawapungui asilimia 30 ya wabunge. Spika naye si lazima awe mbunge. Anatakiwa tu awe na sifa za kuwa mbunge.

Kuhusu viti maalumu, mjini hapa kuna watu wanaapa kwamba huteuliwa na Rais. Sivyo. Chama hupeleka orodha ya majina kwenye Tume ya Uchaguzi, na nafasi hugawanywa kwa kadiri ya kura za ubunge ambazo kila chama kimepata nchi nzima, mradi kimefikisha asilimia tano. Kwa hiyo mama wa viti maalumu ameingia kwa kura yako pia, ila hukumwona kwenye karatasi. Aliyepanga orodha ni chama, na yeye anajua hivyo.

Sasa tuje kwenye majimbo, maana ndiko kwenye wabunge wengi. Kwa uchaguzi wa Oktoba 2025 majimbo yaliongezwa kutoka 264 hadi 272. Manane mapya yalikwenda Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya, Geita, Simiyu na Shinyanga. Kigoma haikuambulia kitu. Tumebaki na manane yetu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967 katika mkoa huu, yaani wastani wa watu kama 309,000 kwa jimbo. Zanzibar ina watu 1,889,773 na majimbo 50 ya Bunge la Muungano, ambayo ni kama watu 37,800 kwa jimbo. Gawanya mwenyewe: mbunge mmoja wa Kigoma anabeba watu karibu mara nane ya mwenzake wa visiwani. Zipo sababu, na kubwa ni kwamba Zanzibar iliingia kwenye Muungano kama nchi, haikuingia kama mkoa. Mimi sioni ubaya kwa mshirika mdogo kupewa uzito wa ziada. Ninachosema ni kwamba ukiisikia sauti ya Kigoma ikiwa ndogo Dodoma, usimlaumu mbunge peke yake. Kwenye hesabu za Bunge sisi ni manane kati ya 272, hata kabla hujaongeza viti maalumu na wateule.

Ndani ya jimbo, mwenye kura nyingi kuliko wengine ndiye anayechukua kiti. Hatakiwi kufikisha nusu. Watatu wakipata asilimia 40, 35 na 25, wa 40 anakwenda Dodoma, na wale 60 waliomkataa wanapata mbunge ambaye hawakumchagua. Ni kama ligi: Mashujaa wakiifunga timu tano bila hapa Lake Tanganyika wanapata pointi tatu, zilezile ambazo wangepata kwa bao moja, na wakifungwa moja bila mechi mbili zinazofuata, yale mabao matano hayawaokoi. Kura za ziada kwenye jimbo ulilokwisha shinda hazivuki mpaka kwenda kusaidia jimbo la jirani.

Ndiyo maana asilimia ya kura na asilimia ya viti huachana sana. Mwaka 2005 CCM, chama tawala, ilipata karibu asilimia 70 ya kura za ubunge, lakini ikachukua majimbo 206 kati ya 232, yaani karibu asilimia 89. CUF ya upinzani ilikuwa na kama asilimia 14 ya kura na ikapata majimbo 19, yote Zanzibar. CHADEMA, kwa kama asilimia nane, iliambulia majimbo matano, Kigoma Kaskazini likiwemo. Hapo sizungumzii wizi wa kura. Hata kura zihesabiwe na malaika, mfumo huu humwongezea mkubwa na kumpunguzia aliyetawanyika.

Aliyejikusanya mahali pamoja, hata akiwa mdogo, hupata chake, na mfano mzuri kuliko yote uko hapahapa. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilipata majimbo manne nchi nzima, na yote manne yalikuwa Kigoma: Kigoma Kusini, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe. Ukijumlisha na Kigoma Kaskazini ya CHADEMA, upinzani ulikuwa na majimbo matano kati ya manane ya mkoa huu. Lakini kitaifa NCCR haikufikisha ile asilimia tano, hivyo haikupata hata kiti maalumu kimoja. Na mwenyekiti wake, James Mbatia, aliingia bungeni 2012 kwa kuteuliwa na Rais Kikwete, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa CCM. Chama cha upinzani kikapata mbunge wake wa tano kwa hisani ya mwenyekiti wa chama tawala, na hakuna kanuni iliyovunjwa.

Yote haya yanakuja baada ya lango la kwanza, ambalo ni jina lako kuwa kwenye karatasi. Ibara ya 67 inataka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho. Mgombea binafsi hayupo. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili mahakamani kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ilimkubalia, Mahakama ya Rufani ikamkatalia 2010, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikasema katazo hilo linakiuka haki. Katazo bado lipo. Maana yake, kabla wewe wa Mwanga au Kasulu hujapiga kura, kuna watu wachache wameshakupunguzia uchaguzi: wajumbe wanaopiga kura za maoni ndani ya chama, na vikao vya juu vya chama hicho, ambavyo vina uwezo wa kumwacha hata aliyeongoza kura hizo. Msemo wa "wajumbe si watu wazuri" ulienea 2020 kwa sababu hiyo. Chama chenyewe nacho kinaweza kukosekana. Aprili 2025 Tume ya Uchaguzi ilisema CHADEMA, kwa kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi, haitashiriki uchaguzi wa mwaka huo. Uchaguzi ukafanyika bila chama hicho, ukafuatiwa na ghasia na vifo. Hiyo ni mada ya makala nyingine, lakini ukishangaa kwa nini Bunge la sasa lina sura liliyo nayo, anzia kwenye karatasi ya kura.

Sasa kiini cha lile swali la kijiweni. Ukishachaguliwa, kiti si chako kama unavyodhani. Ibara ya 71 inasema mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni anapoteza ubunge. Haijalishi ameondoka mwenyewe au amefukuzwa. Wapiga kura hawaulizwi. Kikao cha chama kinachokaa Dar es Salaam kinaweza kufuta kazi ya foleni nzima ya Uvinza.

Kigoma tumeliona hili kwa macho. Desemba 2011 NCCR-Mageuzi ilimvua uanachama David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini. Alikimbilia mahakamani, ikatoka amri ya zuio, akabaki na kiti. Miaka miwili baadaye Zitto Kabwe wa Kigoma Kaskazini aliingia kwenye mgogoro na CHADEMA, naye akalindwa na amri ya mahakama tangu Januari 2014. Sasa angalia kilichofuata mwaka huohuo. Aliyelivalia njuga bungeni suala la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, iliyokuwa Benki Kuu, alikuwa Kafulila. Kamati iliyoichambua ripoti ya ukaguzi wa fedha hizo na kuileta bungeni Novemba 2014, Kamati ya Hesabu za Serikali, ilikuwa chini ya uenyekiti wa Zitto. Ndani ya miezi miwili Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu, Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa, na Waziri Sospeter Muhongo akajiuzulu. Wabunge wawili wa Kigoma, huku mwisho wa reli, waliotajwa sana kwenye sakata lile walikuwa wamesimama ukumbini kwa nguvu ya karatasi za mahakama. Vyama vyao vingefanikiwa kuwaondoa mapema, sijui nani angeshika kipaza sauti.

Machi 2015 kinga ya Zitto ilikwisha: kesi ikaenda kombo, CHADEMA ikatangaza kumfukuza, naye akawaaga wabunge wenzake. Kigoma Kaskazini ikakaa bila mbunge hadi uchaguzi mkuu wa Oktoba.

Nitauliza swali ambalo najua litaulizwa: mbona wale wabunge wanawake 19 wa viti maalumu wa CHADEMA walifukuzwa Novemba 2020 na bado wakakaa bungeni? Walikata rufaa ndani ya chama, Baraza Kuu likawakatalia Mei 2022, wakaenda mahakamani, na Spika akaendelea kuwatambua. Ibara ni ileile, ila kati ya barua ya chama na kiti kuwa wazi kuna ofisi ya Spika na kuna mahakama, na wakati huenda kwa kasi ya hao. Kwa Bunge kulikuwa na faida nyingine. Kwa utaratibu uliozoeleka, kamati za kukagua hesabu za Serikali huongozwa na wapinzani, na upinzani wa Bunge lile ulikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Baadhi ya hao 19 ndio walioziongoza.

Rudi sasa kwa mbunge wetu na asilimia mia moja yake. Bajeti si hoja ya kawaida. Ibara ya 90 inasema Bunge likikataa bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja. Likivunjwa, kila mtu anarudi nyumbani kuomba upya: kwanza kwa wajumbe, halafu kwa vikao vya chama, halafu ndiyo kwako. Kura ya bajeti kuu pia hupigwa kwa kuitwa majina, mmoja mmoja, kila mtu akisikia. Muswada mwingine hupita kwa sauti. Anayeongoza kikao anasema wanaoafiki waseme ndiyo, ukumbi unanguruma. Wasioafiki waseme siyo, unasikika mnong'ono. "Nadhani walioafiki wameshinda," basi. Hapo unaweza kunyamaza na asijue mtu. Kwenye bajeti huwezi.

Kuna lingine ambalo wapiga kura hawaambiwi wakati wa kampeni. Ibara ya 99 inazuia Bunge kushughulikia mapendekezo ya kuongeza kodi au matumizi ya fedha za umma isipokuwa Rais ameyaleta kupitia kwa waziri. Mbunge hawezi kusimama na kusema, ongezeni bilioni mbili kwa barabara ya kijijini kwetu, na hoja ikapigiwa kura. Anaweza kuomba, kulia, kumfuata waziri koridoni. Akijitambulisha kwamba "nimewaletea barabara", muulize kwa utaratibu: aliileta, au aliiombea? Fedha anazozisimamia kwa karibu ni za Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ambazo ni ndogo.

Silaha yake halisi kwenye bajeti ni shilingi. Kifungu chenye mshahara wa waziri kinapofikiwa kwenye Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima likikaa kama kamati kupitia bajeti kifungu kwa kifungu, mbunge anaweza kusema asiporidhika na maelezo "nashika shilingi", yaani anapendekeza mshahara wa waziri upunguzwe shilingi moja. Si masihara. Shilingi ikishikwa, wenzake wanaruhusiwa kuchangia, na waziri analazimika kusimama na kutoa ahadi ambayo itaandikwa kwenye Hansard, yaani taarifa rasmi ya majadiliano ya Bunge, kwa siku na kwa jina. Mara nyingi mbunge huiachia akishaahidiwa, na vijiweni tunasema kaufyata. Lakini ile ahadi ndiyo aliyoitafuta. Tatizo ni saa. Muda uliopangwa ukiisha inaingia wanayoiita gilotini: vifungu vilivyobaki vinapitishwa kwa mkupuo bila mjadala, na mwenye shilingi yake aliyekuwa bado kwenye foleni anakaa chini.

Saa hiyohiyo iliwahi kuokoa Serikali nzima. Aprili 2012, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, Zitto alikusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Katiba inataka asilimia 20 ya wabunge wote, ambazo kwa wakati ule zilikuwa kama saini 70, akazipata, baadhi kutoka kwa wabunge wa CCM. Lakini Ibara ya 53A inataka pia taarifa itolewe siku 14 kabla, na mkutano ulikuwa unaishia. Hoja haikufika ukumbini. Mei 4 Rais akabadilisha Baraza la Mawaziri, na mawaziri kadhaa, wakiwemo wa Fedha na wa Nishati na Madini, wakatoka. Kwa hesabu ya kura zile saini zilishindwa. Kwa hesabu ya kilichotokea, sijui kama nitumie neno hilo.

Kwa hiyo ukitaka kumpima mbunge wako, ile sentensi ya mwisho ya hotuba haikusaidii sana. Tazama alishika shilingi kwenye wizara ipi, waziri alijibu nini, na mwaka uliofuata aliikumbushia ahadi ile au aliisahau. Taarifa Rasmi za majadiliano ziko wazi kwa yeyote kusoma. Muswada unaposomwa mara ya kwanza pia hupelekwa kwenye kamati, na kamati hupokea maoni ya wananchi na vikundi kabla mjadala haujafika ukumbini. Hapo ndipo chama cha wavuvi au wakulima wa michikichi kinaweza kupenyeza sentensi yake. Muswada ukija kwa hati ya dharura, kama ile ya madini ya 2017, dirisha hilo linakuwa jembamba mno.

Kumwondoa mbunge katikati ya miaka mitano, swali ninaloulizwa kuliko yote, wapiga kura hawawezi. Unaweza kupinga matokeo mahakamani, kama ilivyofanyika kwa uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa 1994 ambao ulitenguliwa, lakini hiyo ni kesi ya namna alivyochaguliwa. Uvivu wake haumo. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, mwishoni mwa 2013, ilipendekeza wananchi wapewe uwezo wa kumrudisha mbunge nyumbani, na mbunge asizidi vipindi vitatu. Bunge Maalumu la Katiba, ambalo wabunge walikuwa wengi ndani yake, likaviondoa vipengele hivyo mwaka uliofuata. Kura ya maoni ya wananchi wote kuhusu Katiba hiyo, iliyopangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, na mpaka leo anayeweza kumvua mbunge wako ubunge kwa kikao kimoja ni chama chake.